Siku Nilipofunga Mlango wa Depo

Chekeni tu, ndugu zangu, kwa sababu hata nisipowasimulia minyi mwenyewe, wanawake wa soko la Kamina watawasimulia, tena wataongeza chumvi (na chumvi yenyewe haikupungua): siku niliyokimbiza mji mzima nikiwa na nguo ya ndani tu.

Ilikuwa wakati wa ile vita ya pili ya nchi yetu. Treni zilikuwa zikitushushia watu waliokimbia mapigano ya kaskazini, na wanawake wengi walilazwa katika depo moja tupu la mizigo karibu na stesheni. Muuguzi mmoja, Mama Anjeli, akatafuta watu wa kujitolea kuwakanda, maana kuna miili, alisema, haijalala tangu itoke kwao. Mimi, mke wa makanika wa treni, nilikuwa nimekanda wazazi wote waliojifungua mtaani kwetu, basi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nikapewa mama mmoja wa upande wa Kongolo, Feza, mwembamba, asiyesema. Akakubali nimkande mgongo, akalala kifudifudi, nami, nikiogopa kumuumiza, nikajipaka mafuta ya mawese mpaka viwiko. Sasa nje wanaume wa reli wanapita wanachungulia, nikamwonea haya, nikainuka nikausukuma mlango wa chuma (jambo dogo tu, jamani!), ukajibamiza na komeo likaanguka lenyewe.

Feza akaruka. "Banatufungia! Batatuchoma!"

Depo zima likasimama. Nikalirukia komeo, nashika, linateleza, nashika tena, linateleza, mawese hayo, huku wanawake wanalia na kunisukuma, na mimi mwenyewe sasa naamini kabisa kwamba tunachomwa, na nani sijui. Mama mmoja akalifungua kwa kanga yake, tukamwagika nje, kitenge changu kikanaswa mlangoni, nami sikukirudia, nilikimbia! Sokoni walipotuona wakasema adui ameingia. Baba Ramazani, mfanyabiashara wa Maniema, akafunga duka mteja akiwa ndani. Askari wa stesheni wakakoki bunduki, wakazielekeza kwetu.

Hapo nikasimama. Hawa wanawake wameponea kule, waje kufia hapa kwa sababu yangu? Ikabidi nitoke mbele yao, na nguo yangu ya ndani, mikono juu inachuruzika mawese.

"Chef, hakuna adui! Ni minyi njo nilifunga mulango!"

"Mulango?" akauliza mkubwa wao.

"Mulango, chef. Bantu bakaogopa."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akashusha bunduki. "Enda uvae, mama."

Soko likaangua kicheko. Mimi nikalia.

Feza nilimkuta nyuma ya behewa, amejikunja. Nikakaa mbali kidogo, nikamwambia, "Unisamehe, mama. Sikujua."

Kisha akasema, "Kwetu balianza na mulango."

Baadaye akanyoosha mkono mmoja. "Anza na huu. Hapa inje. Na useme-seme, nisikie weye uko wapi."

Basi nikasema: mvua, watoto, mihogo iliyooza, hata mume wangu anavyokoroma, mpaka koo likakauka, mpaka vidole vyake vikalegea kimoja kimoja ndani ya vyangu. Tangu siku hiyo, mlango wa chumba alimo mtu mwingine siugusi kabla ya kumwuliza, hata mvua ikiingia yote. Acha tulowe.