Ng'ombe wa Wanaume, Mbuzi wa Wanawake

Asubuhi ya fainali redio ya mama ilisema ng'ambo kuna nchi imetunga sheria: timu ya taifa ya wanawake ilipwe sawa na ya wanaume. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nilitoka mbio kuwaambia wenzangu, kiatu kimoja mkononi.

Maana hapa kwetu Kilwa Masoko zawadi hufungwa kando ya uwanja watu waitazame. Ng'ombe, wa mabingwa wa wanaume. Pembeni yake mbuzi, wa kwetu. Na sisi ndio tunaojaza uwanja, jamani.

Filimbi ikalia. Tukaingia timu zote mbili za wanawake, tukakaa chini katikati ya uwanja. Hatuchezi mpaka zawadi ilingane. Mwenyekiti wa mashindano ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Akaja na kipaza sauti, jasho linamtoka.

"Shikamoo mjomba," nikasema, bado nimekaa.

"Marahaba. Inuka. Sheria ya ng'ambo haifiki Kilwa. Msipocheza, hata mbuzi mnamkosa."

Nilimtaka yule mbuzi, siwafichi. Nyumbani hatukuwa tumeonja nyama tangu Idi. Lakini damu ilikuwa inanichemka, na raha yake siwezi kuieleza. Sikuinuka.

Ndipo mama, aliyekuwa kati ya watazamaji, akavuka kamba ya uwanja. Mdogo wangu wa kiume, nahodha wa timu moja ya wanaume, alikuwa anapasha misuli. Mama akamshika mkono, akamburuta mpaka mbele ya mjomba.

"Kaka," akasema, "hawa wawili wamenyonya ziwa moja. Huyu wa kike sikumwachisha mapema ati kwa kuwa ni mwanamke."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Uwanja mzima ukasikia, vigelegele vikapasuka. Mjomba akacheka bila kupenda, akatangaza: ng'ombe na mbuzi wachinjwe pamoja, mabingwa wa kike na wa kiume wagawane nusu kwa nusu.

Tulicheza kama tumepandwa na mashetani, tukashinda. Kwenye fainali ya wanaume, mdogo wangu na timu yake wakafungwa mbili bila. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni nikapika fungu langu la nyama. Akaja na sahani yake, kanuna. Nikampakulia mchuzi na mfupa mmoja.

Mama akaninyang'anya upawa, akatupakulia sawasawa.