Rais wa Chama Chetu cha Kuzikana

Mimi na yeye tulianza kukata mkonge siku ileile, katika shamba la Mzungu karibu na Korogwe. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Yeye alitoka mbali, upande wa Ziwa Nyasa. Tulipounda chama cha kuzikana, tuligombea urais sisi wawili. Wakamchagua yeye. Nilipiga makofi, lakini moyo uliniuma. Hata mke wangu akaanza kumwita Rais.

Kisha bei ya mkonge ikaanguka huko Ulaya, Tanganyika nzima ikayumba. Shamba letu likafungwa. Watu wakaachishwa kazi, hawana pa kwenda.

Rais akanijia asubuhi. “Ndugu yangu, mjomba wako ana ardhi Handeni. Twende tukamwombe mahali pa kupanda mihogo.”

Nilitamani kukataa, ila wanangu nao walikuwa na njaa. Tukaenda kwa miguu.

Mjomba alizungumza Kizigua tu, kwa hiyo nikawa mkalimani. Rais alipiga goti. “Shikamoo, mzee. Watu wangu wana njaa. Tunaomba mahali pa kulima.”

Nikamgeukia mjomba, nikasema kwa Kizigua, “Watu wangu wana njaa. Mimi ndiye kiongozi wao. Huyu amenisindikiza tu.”

Mjomba akamtazama. “Mbona anayelengwa na machozi ni yeye?”

Ardhi akatupa. Njiani Rais akanishika mkono. “Umenisemea vizuri sana.” Niliona aibu, nikaharakisha hatua.

Watu wakahamia kule. Yeye alichukua kipande chenye mawe, akawabebea wajane mbegu mgongoni. Mihogo ikakubali, tukala. Masika ya pili homa ya mapafu ikamchukua. Watu walikuja kumzika kutoka hata Mkumbara, na mjomba akalia kama amefiwa na mwanawe.

Wakanichagua mimi kushika nafasi yake. Niliishika miaka mingi. Hakuna hata mmoja aliyeniita Rais. Na lile shamba la mihogo wakaliita Kwa Rais.

Mkonge ulipopanda bei tena, nilikutana na mama mmoja sokoni Korogwe. “Mzee, si wewe uliyekuwa ukimtafsiria Rais?”

“Ndiye mimi.”

Alifurahi, akanivutia kiti, akaagiza chai, akataka nimsimulie habari za Rais. Nikamsimulia zote isipokuwa yale niliyomwambia mjomba. Alifuta machozi kwa ncha ya khanga, nami nilimwonea marehemu wivu hata kwa machozi yale.