Nyasi za Kaburi la Akello

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyofyeka nyasi za kaburi la binti yangu, na nakumbuka pia kwamba nilikuwa napiga mluzi. Huo mluzi ndio unaonisumbua mpaka leo.

Nilikuwa askari, mimi na mke wangu tumepanga chumba kimoja Makindye. Vita vilikuwa vimekwisha hapa Kampala, lakini kwetu kaskazini ndiyo kwanza vilikuwa vinawaka, na barabara haipitiki. Akello alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Kwetu mtoto huzikwa uani kwa baba yake, si kwenye ardhi ya mtu mwingine, lakini tungempeleka wapi? Mwenye kiwanja tulichopanga, mzee Mganda mwenye roho nzuri, akatuonyesha ukingo wa shamba lake, pale kilima kinapoteremka kuelekea mferejini. Chini kulikuwa na mwamba, shimo likawa fupi. Mama yake akasema, "Tunamweka tu hapa. Vita vikiisha tunampeleka nyumbani." Nikamwahidi. Kazi yangu ikawa moja, kumtunza pale mpaka barabara ifunguke.

Mvua za kwanza zikaanza kula udongo. Jirani yetu Mama Furaha, mama mtu mzima aliyekimbia kutoka upande wa Bukavu, alikuwa akitunza bustani za watu Bugolobi. Ndiye aliyeniletea mbegu za feskyu kwenye kitambaa. Ni nyasi ya nchi za baridi, alisema, haifi msimu ukiisha, na mizizi yake inashuka mbali na kushika udongo. Akanipigisha magoti. Lainisha udongo, ng'oa magugu na mizizi yake yote. Nyunyiza mbegu mara mbili, mara ya pili ukikatiza ya kwanza. Funika kwa udongo usiozidi unene wa kucha, kanyaga taratibu, tandaza majani makavu, kisha mwagilia kidogo kidogo kila asubuhi. Nilifanya yote, na sare nimevaa. Baada ya wiki mbili zikachomoza, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na mama Akello akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Baba Akello," Mama Furaha aliniambia, "hii majani haitambae kama ile ya huku. Inakaa fungu-fungu. Ukikata, acha vidole vine. Na jua likikuja, usiiguse."

Nikaitikia ndiyo, mama, kama tunavyoitikia wakubwa ambao hatuwasikilizi.

Mimi nilikuwa mtu wa kambi, mwanangu. Kambini nyasi ndefu ni aibu. Unapewa slasha, lile panga refu la kukatia nyasi, unafyeka mpaka udongo uonekane, afande anapita na kuridhika. Hata kwetu uwanja safi ni uwanja mtupu, uliofagiwa asubuhi na mapema. Basi mwaka ulipotimia, shemeji zangu walioishi hapa mjini wakasema watakuja kusali kaburini. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza. Nikayatazama yale mafungu yaliyofika gotini nikaona uchafu, nikaona wakwe watanisema. Nikafyeka mpaka chini kabisa huku napiga mluzi, nikafagia, nikachoma mabaki. Shemeji mkubwa akanisifu. Nilivimba kichwa mchana mzima.

Mama Furaha alirudi jioni kutoka kazini, akasimama pale ukingoni bila kutua mfuko wake.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimesafisha, mama. Zitaota tena."

"Zitaota na nini? Umekata hata roho yake." Akainama akagusa majivu. "Wewe ulitaka watu wakuone. Mtoto hakuomba kuonwa, aliomba kufunikwa."

Nilikasirika, nisikufiche. Nilimwona mkimbizi anayenifundisha kwangu, na mimi mwenyewe pale sikuwa kwangu. Nilimwagilia kiangazi chote. Vishina vikawa njano, kisha kijivu, na kwa kuwa haitambai, hakukuwa na jani la kuziba hata pengo moja. Nilipanda mbegu nyingine juani, zikaliwa na ndege.

Mvua kubwa iliponyesha, ukingo ulishuka wote asubuhi moja, mimi nikiwa zamu. Nilimkuta mama Akello ndani ya mfereji, matope mpaka kiunoni, anapapasa. Nikaingia. Tulipapasa siku tatu, na mzee wa kiwanja na Mama Furaha pamoja nasi. Tulipata msalaba wa mbao. Mtoto hatukumpata.

Vita vya kwetu vilichukua miaka mingi kuisha. Barabara ilipofunguka watu walibeba mifupa ya wapendwa wao kwenda nayo nyumbani, sisi tukabaki tunawasindikiza kituoni. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa neno. Ameacha tu kufagia uwanja, na mimi simuulizi.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliye na mikono yenye haraka. Ukipewa kitu cha kutunza, muulize anayekijua, halafu mtii hata kama macho ya watu yanakucheka. Kiache kirefu, kiache kibaya, kiache kionekane uchafu, mradi kinashika kilicho chini yake. Sina cha kukufariji zaidi ya hapo, nimetafuta, sikupata.

Mungu aufanye mkono wako uwe mzito kwenye kukata. Akupe ardhi ya kulaza watu wako, na uwakute palepale ulipowalaza.