Skrini Iliyosahau Kila Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Ilikuwa katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja pale Nyegezi, enzi ambazo chumba cha namna hiyo kilitandikwa zulia na kuheshimiwa kuliko sebule ya wageni. Mkuu wa Maabara, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, alinitazama nikihangaika kuficha soksi iliyotoboka, kisha akasema, "Binti, wiki hii yote mikono mfukoni. Utatazama tu."

Sketi yangu haikuwa na mifuko. Nikaifunga mikono nyuma, nikawa nazunguka kama mkaguzi wa shule, nikiwatazama wenzangu wakiziwasha mashine, wakizizima, wakizilaani na kuzibembeleza. Nilichukia sana. Nilikuwa na cheti kipya na vidole vilikuwa vinaniwasha.

Nawaambieni ninyi mnaoingia kwenye ufundi huu sasa: wiki ile niliyoichukia ndiyo iliyokuja kumwokoa mtu. Lakini nisianzie mkiani.

Chuoni nilikaa miaka mingi. Mzee yule alipostaafu akaja Mkuu wa TEHAMA, mama mmoja asiyejua kukaa, na ndiye aliyetuletea Linux. Huu ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamuru zote nyingine, na haulipiwi. Kilichoniteka si kutolipiwa. Ni kwamba unaweza kuufungua na kuuona ulivyosukwa, uzi kwa uzi. Mimi mtu wa kupekua mambo nilihisi nimepewa funguo za ghala. Nilikuwa nasahau hata kula.

Kutoka Nyegezi nikahamia kiwanda cha minofu ya sangara, kando ya ziwa, nikiwa fundi wao wa kompyuta. Huko kila mtu aliniita Mama Kulwa. Juu yangu alikuwepo Meneja Uzalishaji, mtu wa haraka aliyekuwa akizungumza huku anaondoka, na pembeni yetu Mhandisi wa Umeme, ambaye neno lake kuhusu soketi na swichi halikuwa na rufaa.

Karani wa chumba cha kufungashia aliitwa Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta uzito wa kila boksi la minofu, kisha kubonyeza kitufe cha kuhifadhi ili lebo itoke. Boksi bila lebo halipandi gari. Nyamizi aliishi Kamanga na mama yake aliyepooza, na kila alfajiri alimwogesha, akamlisha, ndipo akakimbilia pantoni ya kwanza kuja mjini. Sikuwahi kumsikia akilalamika.

Basi, msimu mmoja wa mvua, skrini yake ikaanza kichaa. Kila asubuhi maandishi yalikuwa manene, picha imevutwa kama chapati iliyosukumwa upande mmoja, na sehemu ya chini ya programu imezama nje ya skrini. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa huko huko chini. Tatizo lenyewe mimi nililijua kwa jina: rezolusheni, yaani wingi wa vinukta vinavyochora picha, imeshuka. Nikaandika amri moja iitwayo xrandr, skrini ikatanuka, kila kitu kikaonekana. Nikaondoka na kiburi changu.

Kesho yake ilikuwa imerudi kule kule. Nikaiandika amri ile kwenye faili la kuanzia, ambalo kompyuta hulisoma yenyewe kila inapowaka. Nikaizima na kuiwasha mbele ya watu, ikanyooka. Nikarudia, ikanyooka tena. Asubuhi iliyofuata, maandishi manene yale yale, na magari yanasubiri maboksi.

Meneja akaja na jibu lake. "Mama Kulwa, mbona wewe ukiiwasha haina shida? Huyu anabonyezabonyeza ovyo. Kuna nafasi ghala la Usagara, kule hakuna kompyuta. Mwisho wa wiki aende."

Nyamizi alinifuata nje kwenye mlango wa chumba cha barafu. "Mama, Usagara sifiki na kurudi kwa pantoni ya jioni. Mama yangu atalala na nani? Na wallahi mimi sigusi kitu."

Nilimwamini, na ndiyo maana nilikasirika. Si kwa Meneja tu. Mashine ilikuwa inanichezea mchezo wa mtoto mtundu anayekaa kimya mwalimu akiingia. Ikiniona inanyooka, nikiondoka inaharibika. Nikamkumbuka mzee wangu wa Nyegezi. Mimi siku zote nilikuwa nikifika baada ya skrini kuharibika, nikagusa, nikaondoka. Nilikuwa sijawahi kutazama.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kabla ya wote. Nyamizi alipoingia na kunisalimu "Shikamoo," nilimwitikia "Marahaba," nikasimama ukutani, mikono nyuma. "Fanya kila kitu kama kawaida yako," nikamwambia. "Jifanye mimi sipo."

Akaweka mkoba. Akawasha UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Akawasha sipiyu, kasha lenyewe la kompyuta. Kisha akaiacha hapo, akaenda kuvaa koti jeupe na mabuti, akanawa mikono, akarudi taratibu, na ndipo akainama kuiwasha skrini kwenye soketi ya ukutani. Maandishi manene yakajitokeza.

Nikabanduka ukutani. "Kwa nini skrini unaiwasha mwisho?"

"Amri ya Mhandisi, Mama. Toka radi iunguze zile skrini mbili. Jioni tunachomoa vyote, asubuhi sipiyu inatangulia kwa sababu ina UPS. Skrini inasubiri umeme utulie, kama friji nyumbani."

Nilicheka peke yangu mpaka wabeba maboksi wakachungulia. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Kompyuta ikiwaka huiuliza skrini, "Wewe ni nani, una uwezo gani?" Skrini huitikia kwa kutoa kitambulisho chake, na rezolusheni inapangwa kulingana nacho. Skrini ya Nyamizi ilikuwa bado haina umeme, haikujibu. Sipiyu iliuliza, ikapata ukimya, ikachukua rezolusheni ndogo ya kubahatisha. Amri yangu nayo ilikuwa inasomwa wakati huo huo, ikampigia hodi mtu ambaye hayupo. Na mimi nilipokuwa nikijaribu, skrini ilikuwa tayari inawaka. Ndiyo maana kwangu ilinyooka.

Nilikwenda mbio kwa Mhandisi kumwomba abadili amri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. "Mama Kulwa, umesema vizuri," akasema. "Lakini radi ya ziwa hili haijui Linux. Skrini itawashwa mwisho."

Na alikuwa na haki. Kwa hiyo nikarudi kwenye uzi wenyewe. Linux ina faili la mipangilio ya mfumo mzima, linalosomwa kabla hata dawati, yaani ule uso wa kwanza wenye picha za programu, halijafunguka. Nikaandika humo kitambulisho cha ile skrini, ukubwa wake na kasi yake, na kwamba ihesabiwe ipo hata ikikaa kimya. Kompyuta isiulize tena. Nikamwambia Nyamizi azime na kuchomoa vyote kama jioni, kisha nikamwita Meneja.

Nyamizi akawasha UPS, akawasha sipiyu, tukasubiri umeme utulie. Alipoinama kwenye soketi alifumba macho, midomo ikicheza. Skrini ikawaka. Maandishi yalikuwa membamba, safi, na kule chini kabisa kitufe cha kuhifadhi kikakaa mahali pake. Akakigusa kwa kidole kwenye kioo, kama anayehakikisha homa imeshuka.

Meneja alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Basi, ya Usagara yaishe," akasema. "Nyamizi, samahani." Safari hii alisema akiwa amesimama.

Sasa nimestaafu na nafuga kuku Nyegezi. Vijana hunipigia simu: mama, nimeweka mipangilio, haikai. Huwauliza kwanza asubuhi mashine inawashwaje, na nani, na kwa mpangilio upi. Wengi hawajui. Wanachojua ni amri tu, na amri zote leo zinapatikana kwenye simu.

Siku yangu ya mwisho kiwandani niliwahi tena nikasimama ukutani pale pale. Kwa miezi mingi baada ya ukarabati ule Nyamizi aliendelea kufumba macho kila alipofika kwenye soketi. Siku hiyo aliwasha sipiyu, akavaa mabuti, akarudi ananisimulia jinsi mama yake alivyougomea uji akataka samaki. Akapeleka mkono nyuma, akabonyeza swichi, skrini ikawaka yote. Nyamizi hata hakugeuka.