Kibuyu Kilichohamia kwa Molly

Mwaka wa 1996 Rebeccah alikosa kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando yanayotiwa unga wa makaa, na kwake mwizi hakuhitaji kutafutwa. Nani mwingine kama si Molly, yule jirani kutoka ziwani, mke wa karani wa kiwanda cha chai? Chepchirchir, binti yake Rebeccah, alikuwa ameanza kushinda huko, na kila jioni alirudi akinuka moshi.

Chepchirchir alikuwa mwanamke mzima, ila akili yake ilishika mambo polepole. Mama yake bado alimfunga vifungo vya sweta na kumfichia kiberiti.

"Tangu lini mtu akakupendea mtoto bure?" Rebeccah aliwauliza wenzake kanisani. "Huyo amejipatia kijakazi."

Asubuhi moja alimfuata binti yake, akajibanza kati ya michai iliyolowa, akachungulia. Molly alikuwa ameketi tu, mikono mapajani. Chepchirchir alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, anachoma kijiti apate makaa ya kusugulia kibuyu kwa ndani. Moto ukazimika. Molly hakuinuka. Chepchirchir akawasha kiberiti tena, mwenyewe.

Rebeccah akatokeza, leso ikichuruzika maji. "Kwa hivyo wewe unakaa, mtoto wangu anakufanyia kazi."

"Mimi hata mursik sinywi, mama," Molly akasema. "Kibuyu ni chako. Alitaka akuletee kikiwa kimejaa."

"Na kwa nini asifanyie nyumbani?"

Molly akamgeukia Chepchirchir. Chepchirchir ndiye aliyejibu, macho yakiwa bado kwenye kibuyu.

"Nyumbani unaninyang'anya kiberiti."