Mahali Tulipoacha Kuchimba

Nilimwahidi mama yangu kwamba mvua za Septemba hazitamkuta chini ya turubai. Nilimwambia hivyo nikiwa nimechuchumaa mbele ya kibanda chake katika kambi ya Munigi. Alicheka kidogo, akaniuliza kama mvua nazo nimeshazipa taarifa. Alikuwa amekimbia vita katika mji wetu wa Kiwanja akiwa na godoro moja na sufuria mbili. Mimi, mwanawe mwenye shahada ya sheria, nilipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, na alikataa katakata kuja kulala humo. Alisema hawezi kuomba ruhusa ya kukohoa kwa mwenye nyumba wa mwanawe.

Ndiyo maana nilinunua nyumba katika mtaa wa Murara, hapa Goma, ambayo wengi walikuwa wameitazama na kuipita. Ilisimama juu ya lava ya ule mlipuko wa volkano uliokata mji vipande viwili nilipokuwa mtoto. Mbao za upande wa barabara zilipakwa oili chafu ya magari na zilionekana imara; za nyuma kidole gumba kiliziingia bila kubishana. Mabati yalikuwa yameliwa na mvua yenye tindikali ya moshi wa volkano hata saa sita mchana sakafu ikajaa madoa ya jua. Mbao zingeweza kubadilishwa, mabati pia. Kilichonitia hofu ni kwamba kiwanja hakikuwa na choo, na choo ndicho kitu pekee ambacho mama aliniomba. Hakutaja dari wala saruji. Kambini alikuwa akipanga foleni asubuhi pamoja na watu mia, mbele ya mlango wa turubai usiofungika, na kwa mwanamke wa umri wake aibu hiyo ilimchosha kuliko njaa.

Asiyeishi Goma atashangaa kusikia kwamba kwetu shimo la choo linaweza kumshinda mtu kuliko nyumba nzima. Tunaishi juu ya mwamba. Udongo uko chini, mita mbili au nne, hakuna ajuaye mpaka afike. Mafundi wetu huanza kwa kusikiliza. Fundi niliyemchukua, mzee mfupi mwenye mabega mapana, alizunguka kiwanja kizima akigongagonga mwamba kwa nyundo, kichwa kimeinama kama daktari. Alikuwa akitafuta mahali panapolia kitupu. Hapo gamba la lava ni jembamba, chini yake kuna uwazi, na kazi ya miezi mitatu huwa ya wiki moja.

Nilimfuata na daftari langu nikichora ramani. Nilipoanza kumweleza jinsi lava inavyopoa kutoka juu, alinitazama kwa huruma.

"Papa, iyi jiwe haiogope diplome," alisema. "Nyamaza nisikie."

Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa mawe wa jirani, nyundo ililia kama imepiga ngoma. Fundi alitabasamu. Mimi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimechunguza hati za nyumba kwa siku kadhaa. Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa, nikahakiki mipaka, nikahakikisha kwamba simnyang'anyi mkimbizi yeyote haki yake. Kuhusu ardhi yenyewe, sikumuuliza mtu hata mmoja. Uwazi niliuona kuwa bahati tu.

Siku ya pili ya kazi, baramini, ile nondo nzito ya kupasulia mwamba, ilizama ghafla hadi nusu. Fundi aliichomoa, tukaangalia ndani ya tundu lililotosha ngumi. Palionekana kipande cha bati kilichojikunja. Wakati huohuo mama mmoja jirani alitokea juu ya ukuta wake, mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, bado uko mkononi.

"Mwanangu, simamisha kwanza," alisema. "Hapo balizika mutoto."

Akatueleza bila haraka. Wakati wa uasi wa zamani, kabla ya mlipuko, familia iliyoishi hapo ilifiwa na binti wa miaka saba kwa homa. Mabomu yalikuwa yakianguka, barabara ya makaburini ilikuwa haipitiki, basi walimzika nyuma ya nyumba. Baba aling'oa mbao za mlango wake kutengeneza sanduku. Baadaye walifanya kama tunavyofanya vijijini: walijenga ukuta mdogo wa mawe kuzunguka kaburi na kuweka kipaa cha bati juu yake, mvua isimpige. Lava ilipokuja ilipita juu ya kipaa hicho ikaganda. Ule uwazi tulioufurahia ulikuwa wake. Familia ilirudi, ikajenga juu ya mwamba nyumba hii ya mbao, ikakaa miaka michache, ikauza. Wengine walisema imekwenda Masisi, wengine Uganda. Nilimpigia simu aliyeniuzia. Alikuwa mnunuzi wa tatu, naye aliapa kwamba hakuwahi kusikia habari hiyo.

Fundi alikaa juu ya ndoo. Hakuwa mtu mkatili, na alichosema kilikuwa na uzito wake.

"Uyu mutoto iko chini ya mwamba miaka yote, hakuna kitu inamufikia tena. Mama yako iko chini ya turubai, na mvua imebakia wiki tatu tu. Tukitoka hapa, ile pembe ingine ni jiwe tupu. Sitamaliza mbele ya mvua. Chagua wewe."

Nilimwomba aningojee hadi kesho. Chuoni nilifundishwa kupima madai ya watu wawili yanapogongana, lakini wote waliopimwa kwa mizani hiyo walikuwa hai na waliweza kujitetea. Nikajiambia kwamba ahadi ni ya mama, kwa hiyo mwenye haki ya kuniachilia ni yeye. Leo naona kwamba katika fikra hiyo kulikuwa na woga pia: nilitaka mtu mwingine aamue. Nikapanda pikipiki kwenda Munigi.

Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote. Hakuuliza lile swali ambalo watu wa kwetu huuliza kwanza siku hizi, yaani familia hiyo ilikuwa ya kabila gani. Aliuliza binti alikuwa na umri gani. Nilipomwambia, aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe, kisha akasema kwa Kinyarwanda chetu cha nyumbani maneno ambayo nayatafsiri kadiri niwezavyo:

"Kuna mtu anayelala katika nyumba yetu leo. Simjui. Labda na yeye anatafuta mahali pa kuchimba choo. Ningependa asichimbe pale alipolala baba yako."

Baba tulimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba hiyo ya Kiwanja, mwaka mmoja kabla ya vita kumfukuza mama. Sikuwa nimemfikiria hata mara moja.

Tuliziba tundu kwa mawe na saruji, tukahamia pembe ya pili. Fundi alisema kweli. Tulipasua mwamba mita tatu na nusu, tukikoka moto juu yake na kuumwagia maji ili upasuke, na kila jioni alinitania kwamba tukiendelea hivyo tutafika kwa volkano yenyewe tuisalimie. Mvua zilianza hatujafika nusu. Mama alizipokea zote kambini, maji yakipita chini ya godoro lake. Alihamia Murara katikati ya Novemba akiwa na kikohozi ambacho bado hakijamwacha. Alikagua choo, akafunga mlango kwa ndani na kuufungua mara mbili, akasema ni kizuri. Ahadi ya Septemba sikupata ujasiri wa kuitaja. Ninaposikia kifua chake upande wa pili wa ukuta wa mbao, najua ni nani aliyelipa gharama ya uamuzi wetu.

Jambo moja limebaki, nalo siwezi kulifanya peke yangu. Kama unaifahamu familia iliyoishi Murara wakati wa uasi ule, ikamzika binti wa miaka saba nyuma ya nyumba, tafadhali wape habari. Waambie mahali pake hapajachimbwa, na kwamba wanaweza kuja siku yoyote.