Ubishi Wetu na Maharage ya Shangazi

Niliwahi kununiana na mtu siku nne kwa sababu ya nukta mkato. Si utani. Tulikuwa tunafanya kazi chumba kimoja hapa Same mjini, nyuma ya duka la madaftari, meza mbili zinatazamana, feni moja, na upepo wetu ule ambao ukifungua dirisha unakujazia vumbi kwenye kompyuta, ukilifunga unaiva. Siku nne hakuna salamu. Kisa chenyewe: nilimwambia mwenzangu kuwa lugha yake ya kompyuta inamshika mkono kama mtoto, kila mstari lazima aufunge kwa nukta mkato la sivyo inagoma. Naye akanijibu kuwa yangu inapima nafasi tupu mwanzoni mwa mstari kama mwalimu wa zamu anayepima urefu wa sketi. Basi, tukanuna.

Kwa asiyeijua kazi yetu, niseme hivi. Programu ya kompyuta huandikwa kwa lugha, na lugha ziko nyingi. Yeye aliandika kwa PHP, mimi kwa Python. Kazi inayofanywa na hii hufanywa na ile, na mtumiaji hajui tofauti, kama mla ugali asivyojua mwiko ulichongwa kwa mti gani. Lakini wewe tuwekee chai uone! Tulibishana lugha ipi ni safi. Tulibishana fremuweki ipi ya kutumia, yaani ile mifupa ya programu iliyokwisha andikwa na wengine, wewe unaweka nyama tu. Vilipokuja hivi vyombo vya akili mnemba vinavyokumalizia mstari kabla hujafikiri, tukabishana kama anayevitumia bado anastahili kuitwa fundi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na sisi tulivuta hadi ngozi ikalia.

Leo naelewa kitu ambacho wakati ule nisingekubali hata ungenipiga. Mwenzangu alizaliwa kambi ya mkonge huko tambarare. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge, wakabaki. Hakusoma chuo. Alijifunza PHP mwenyewe kwenye kompyuta ya kuazima, akiwa anakaa foleni na watu waliokuja kutoa fotokopi. Lugha ile ndiyo iliyomtoa kambini. Mimi nilisoma chuo, na Python nilifundishwa na mhadhiri mwenye projekta na kiyoyozi. Kwa hiyo niliposema PHP ni lugha ya kuungaunga, nilidhani naongea habari za kompyuta. Yeye alisikia kitu kingine kabisa, na alikuwa na haki ya kusikia hivyo.

Ikaja kazi ya ndiva. Kwetu ni Mhezi, huko juu milimani, na kiangazi tunakula kwa sababu ya ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Usiku linakinga maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji shamba hadi shamba kwa zamu. Mzee aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutangaza zamu magoti yalimchoka. Kamati ya maji ikaniita mimi, mtoto wa kijijini mwenye kompyuta: je, huwezi kutuwekea zamu ziwe zinakuja kwenye simu? Nikasema hilo ni jambo la wiki moja.

Jambo la wiki moja likachukua wiki tano, na tatu kati ya hizo tulikuwa tunabishania lugha. Yeye alitaka PHP kwa kuwa itakaa mahali popote na fundi yeyote atairekebisha. Mimi nilitaka Python kwa kuwa, mh, kwa kuwa ni kijiji changu. Nilishinda kwa hoja hiyo hiyo. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza, na shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa ameshapanda.

Shangazi ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu. Msimu uliotangulia ulimtupa, kwa hiyo safari hii alipanda mbegu yote aliyokuwa nayo ya maharage yale madogo mekundu aliyopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Hakubakiza hata kisoda. Nilimgombeza kwa simu: Shangazi, mtu haweki mbegu yote ardhini! Akanijibu kuwa mbegu iliyozeeka kwenye kibuyu haioti, na kwamba ndiva ipo, zamu yake anaijua, kwa hiyo nimwache. Yakipata maji, anakula na anabaki na mbegu. Yakikosa, mbegu ya mama mkwe wake ndiyo imeishia hapo.

Kamati ilikuwa na lalamiko moja kubwa. Watu wanashuka Same au wanakwenda Dar, zamu yao inafika hawapo, maji yanapita bure hadi korongoni. Nikapata dawa. Ujumbe utatumwa adhuhuri ya siku iliyotangulia, mtu ajibu kabla ya saa kumi na mbili jioni, asipojibu zamu inahamia kwa anayefuata. Niliandika kipande hicho kwa mistari mitatu. Mitatu tu! Nikageuza kompyuta ili mwenzangu aone.

"Ya kwako hapo ingechukua mistari kumi na mitano," nikamwambia.

Akasoma, akakuna kidevu. "Na asiyejibu kwa sababu zake je? Kuna mtu anaweza kukaa kimya na bado zamu ni yake."

"Wewe umeona mistari mitatu ukaumwa na tumbo."

"Dada, mimi nakuuliza."

"PHP imepitwa na wakati, kubali yaishe."

Hakuniuliza tena. Alirudi kwenye meza yake akavaa vile vitu vya masikioni, nami nikajiona nimemweza. Nilifurahi, tena nilifurahi sana, hadi nikaenda kujinunulia soda.

Programu ikafanya kazi mwezi mzima bila kasoro. Kijijini nikawa mtu. Nikipita nasalimiwa na watu walionizidi umri, eti injinia, hadi naona aibu kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kutoa shikamoo. Kisha mume wa shangazi akafariki.

Nilipanda mlimani siku hiyo hiyo. Shangazi alikuwa amekalishwa kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa, na simu yake inaita bila kupumzika. Akaniita kwa kidole akanipa.

"Kaa nayo wewe," akasema. "Kila anayepiga analia, na mimi sina tena machozi ya kuwagawia."

Nikaizima, nikaitia kwenye mkoba wangu. Tulizika Jumamosi. Mwenzangu alikuja kutoka Same, akapanda mlima ule wote na viatu vyake vya mjini, akachanganyika na wanaume kubeba mawe ya kaburi. Akalala kwa jirani. Jumapili adhuhuri tulikuwa nyuma ya jiko, mimi na akina mama tunamenya ndizi, yeye anapasua kuni. Tukaanza taratibu, kama kawaida. Nikamwambia mwezi mzima sasa, ndiva inakwenda na Python, hakuna aliyelalamika. Akasema subiri. Nikasema nisubiri nini, wivu tu huo. Akaweka shoka chini ili anijibu vizuri. Mama mmoja akatukatiza.

"Jamani, huyo Paitoni ni mume wa nani mnayemgombania hapa msibani?"

Wakacheka wote, hata mimi. Mkoba wangu ulikuwa umening'inia kwenye msumari wa mlango wa jiko, hatua tatu kutoka nilipokaa, na simu ya shangazi ndani yake, imezimwa.

Alhamisi, watu walipokuwa wamepungua, nikashuka shambani kuchuma majani ya maharage ya mboga. Nilijua zamu ya shangazi ilikuwa mwanzoni mwa juma, sikukumbuka siku gani. Mimi niliyeandika ratiba nzima sikukumbuka! Mfereji wa kuingilia shambani mwake ulikuwa mkavu, udongo umepasuka. Maharage yalikuwa kwenye ua, na ua lenyewe lilikuwa chini, limetapakaa kwenye vumbi. Shamba la jirani, mama wa makamo anayepakana naye kwa chini, lilikuwa bichi hadi mpakani.

Nikamkuta anapalilia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Mwanangu, unajua desturi yetu," akasema. "Mwenye msiba haulizwi habari ya maji. Anayefuata anachukua jembe, anamwagilia kwa mfiwa kwanza, halafu ndipo anarudi kwake. Mimi jembe nililiweka mlangoni tangu Jumapili asubuhi."

"Sasa ikawaje?"

"Simu ikaniambia zamu ya kesho ni yangu. Nikashangaa. Nikasema labda kamati imebadilisha utaratibu." Akaangalia udongo. "Angekuja mtu kuniambia nichukue maji ya mfiwa, ningemfukuza hapa na jembe hili. Lakini ule ni ujumbe. Ningebishana na nani?"

Nilikaa chini palepale kwenye tuta. Nikaitoa simu ya shangazi mkobani, nikaiwasha. Jumbe zilikuwa mbili, katikati ya pole nyingi. Ya kwanza ilimwambia zamu yake ni kesho. Ya pili ilisema: Hukujibu. Zamu imehamishiwa kwa anayefuata. Asante. Ile asante niliiweka mimi, kwa ajili ya heshima.

Desturi ile niliijua. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka minane, na nakumbuka kuona majirani shambani kwetu asubuhi na mapema, maji yanaingia, hakuna aliyegonga mlango wetu. Laiti ningetulia dakika mbili na lile swali, ningelikumbuka hilo. Lakini sikusikia swali, nilisikia PHP.

Programu tuliirekebisha, hiyo haina hadithi. Siku hizi haihamishi zamu ya mtu. Asiyejibu, jina lake linakwenda kwa kamati, na mtu mzima mwenye miguu anakwenda kuangalia kuna nini. Mwenzangu aliandika sehemu hiyo, kwa lugha aliyoitaka mwenyewe, na sikuhesabu mistari.

Maharage hayakurekebishika. Tulifungulia maji Ijumaa, jirani akatoa zamu yake yote, mwenzangu akakunja suruali akashika jembe pamoja nasi. Ua likishadondoka limedondoka. Yaliyobaki yalizaa maganda mepesi, ukiyabonyeza hayana kitu, au yana punje moja iliyosinyaa. Shangazi alizianika kwenye ungo mmoja, ungo usijae. Hazikufaa kuwa mbegu.

Nilimwambia kweli siku hiyo ya ungo. Nilikuwa nimechelewesha wiki nyingi, najisemea ngoja amalize kulilia msiba wa kwanza. Alikuwa amekaa kibarazani anapembua, nikakaa mbele yake, nikamweleza yote: mistari mitatu, ujumbe, simu iliyozimwa mkobani. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, na ninasema hivyo bila kujisifu. Yeye aliendelea kupembua.

"Mlikuwa wawili kwenye kazi hiyo," akasema hatimaye. "Yule kijana wa mkonge naye hakuona?"

"Aliona, Shangazi. Aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza, na mtu asiyejibu kwa sababu zake je."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Ukamjibu nini?"

Nilitamani kudanganya. "Nilimwambia lugha yake imepitwa na wakati."

Shangazi alinitazama. Hakuwa na hasira, ningeomba awe nayo. Alikuwa anajaribu kuelewa kwa bidii, kama mtu anayetafuta mahali nilipomruka katika maelezo yangu.

"Lakini mwanangu," akasema, "si alikuuliza habari zangu?"